Njia zaweza kuhama, lakini soko na ukingo wa maji tusiachie

Bwana Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikirefusha maneno mniwie radhi manake jambo hili nimelizungumza sana barazani kwetu Kibokoni mpaka wenzangu wakaniambia basi liandike lisomwe na wakubwa.

Tangu reli mpya ya SGR ianze 2017 kila mahali ukikaa Mombasa utasikia maneno yale yale, mizigo imekwenda bara, makontena yanapelekwa Nairobi na Naivasha, madereva wa malori wamekaa, mji umekufa. Mimi nimefanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini mpaka nikastaafu, kwa hiyo sihitaji kuhadithiwa. 2019 ilipoamriwa mizigo ipande reli niliona kwa macho yangu njaa ikiingia kwenye nyumba za watu, na 2022 shughuli zikaamriwa zirudi huku lakini si wote waliorudi kazini, wengine hata hawako tena mjini. Hayo sibishani nayo. Nnachobishana nacho ni hili neno la kufa, manake nimeuona mji uliohamwa na njia zaidi ya mara moja, tena kwa mamia ya miaka, na mji huo uko hai mpaka leo na Ijumaa soko lao linajaa. Na sababu ya kuwa hai ni vitu viwili ambavyo hata sisi tunavyo na tunaviachia hivi hivi tukiangalia.

Nna mpwa wangu yuwakaa Uingereza, jimbo la Oxfordshire. Nilipokwenda kumtembelea akanambia shangazi London utaiona tu, kwanza nikupeleke mjini kwetu sokoni. Mji wenyewe waitwa Wallingford. Ni mdogo, kuuzunguka wote kwa miguu hata jasho halikutoki, uko ukingoni mwa mto Thames kati ya Oxford na Reading, na tulifika siku ya Ijumaa asubuhi ambayo ndo siku ya soko. Katikati kuna kiwanja, vibanda vimepangwa, mboga, mikate, jibini za kila aina, maua, na bwana mmoja muuza samaki na gari lake, ubavu wa gari unainuliwa juu unakuwa paa na samaki wamelazwa kwenye barafu. Akaja bibi mmoja na kikapu chake, kabla hajafungua mdomo yule bwana ashainama chini ya meza katoa kifurushi, wako nimekuwekea. Mimi nilicheka peke yangu manake ndo vile vile muuza viungo wangu wa soko la Marikiti, akiniona tu anaanza kupima binzari na iliki, ananiuliza habari za watoto huku anafunga.

Hapo kiwanjani kuna jumba la mji la 1670, limesimama juu ya nguzo na chini ni wazi, kwa hiyo mvua ikinyesha (na kule hunyesha bila taarifa) watu wanajibanza chini yake wanaendelea na mazungumzo yao. Mpwa wangu akanambia soko hili watu wa hapa wanalihesabu tangu 1155, mwaka ambao mfalme Henry wa Pili aliwapa hati ya haki zao za biashara. Hebu piga hesabu. Fort Jesus yetu Mreno alianza kuijenga 1593. Soko la watu hawa lilikuwa na miaka zaidi ya 400 jiwe la kwanza la ngome likiwekwa. Na si kwamba sisi tulikuwa watoto, Ibn Battuta alipita Mombasa 1331 akaandika habari zetu na misikiti yetu, lakini hati ya soko yenye tarehe, inayotajwa mpaka leo na mtoto wa shule, hiyo niliwaonea wivu na nasema wazi.

Sasa nieleze walivyohamwa na njia manake hapo ndipo penye maneno yangu.

Mji huu ulizaliwa kwa sababu mto pale ulikuwa unavukika. Karne ya tisa enzi za mfalme Alfred ukajengewa maboma ya udongo kuwazuia Wadenmark, na maboma hayo bado yapo, pande tatu ni udongo na upande wa nne ni mto wenyewe, watoto wanapanda na kuteleza juu yake na kando watu wanatembeza mbwa. 1066 William kutoka Normandy alipomshinda mfalme wa Waingereza kule Hastings hakuweza kuvuka Thames pale London, akazunguka mpaka Wallingford akavukia hapo, baadaye ikajengwa ngome kubwa kando ya maji. Wenyeji husema kwa vile walimpokea vizuri aliwaongezea saa moja, yaani mahali pengine kengele ya kuzima moto na kulala ililia saa mbili usiku na wao ikalia saa tatu, na desturi ya kengele ya saa tatu wakaishika. Halafu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, Matilda binti wa mfalme akitaka kiti na Stephen amekikalia, na 1142 Matilda alitoroka ngome ya Oxford usiku kwenye theluji akakimbilia Wallingford manake ngome ya pale ilikuwa yake na haikutekwa. 1153 ndipo hapo pakafanywa mapatano ya kumaliza vita, mtoto wa Matilda akawa mfalme mwaka uliofuata, na mtoto huyo ndiye huyo Henry wa Pili aliyetoa ile hati, shukrani kwa watu waliosimama na mamake. Mji ukawa na makanisa zaidi ya kumi. Ulikuwa na pesa.

Halafu yakaja ya kuja. 1349 tauni ikaua watu wengi. Kabla hawajasimama vizuri, kuanzia 1416 watu wa Abingdon, mji mwingine juu kidogo kwenye mto huo huo, wakajenga madaraja yao, na barabara ya kutoka London kwenda Gloucester ikahama kutoka Wallingford ikapita huko. Ndo biashara imekwenda. Mikokoteni, wasafiri, wenye nyumba za wageni, mafundi wa viatu vya farasi, wote wakafuata barabara. Wasomaji wa Mombasa hapa sihitaji kuwafafanulia, kila aliyekuwa na kibanda cha chai njia ya malori pale Changamwe au Mariakani anajua barabara ikihama inakwenda na nini.

Makanisa yakapungua yakabaki machache. Halafu vita vya karne ya 17, ngome ikashika upande wa mfalme, ikazingirwa mpaka ikasalimu amri Julai 1646, na 1652 serikali ya kina Cromwell, waliomshinda mfalme, ikaamuru ibomolewe na ikabomolewa kweli, kilichobaki leo ni vipande vya kuta na mahandaki. Ikaja reli. 1840 reli kubwa ya kutoka London kwenda magharibi ikapita kando, haikuingia mjini, wakajengewa stesheni mbali huko wakaambiwa waifuate. Mwajua pa kufananisha, manake ya kwetu SGR nayo iliishia Miritini. 1866 wakapata kijitawi cha reli mpaka mjini, 1959 abiria wakasimamishwa. Leo wapenzi wa treni za zamani wanakiendesha hicho kijitawi kwa kujitolea, siku maalum za mapumziko, familia zinapanda kwa raha tu. Na 1993 likafunguliwa daraja jipya la barabara ya kuzungukia nje, magari mengi yakaacha kupita katikati ya mji, kama barabara yetu ya Dongo Kundu sasa.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe, ngome imebomolewa, barabara kuu imehama, reli imepita mbali, magari yamepelekwa nje. Na soko bado ni Ijumaa kwenye kiwanja kile kile.

La kwanza ni soko. Niliuliza sana watu pale, mimi sioni haya kuuliza, na nilivyoelewa ni kwamba soko halikupelekwa nje ya mji hata siku moja kwa kisingizio cha msongamano. Watu wanatoka vijijini wanakuja sokoni, wakishanunua wanapita benki, maktaba, duka la vitabu, wanakaa kunywa chai, na duka linalomzunguka muuza viazi linaishi kwa sababu ya muuza viazi. Ukimtoa yeye na hao wengine unawatoa. Jambo hili lataka kuangaliwa tu kwa macho.

La pili ni mto. Hapa nilikaa muda mrefu na mpwa wangu akachoka kunisubiri. Daraja la zamani la mawe lina matao 19 na urefu kama mita 270, lakini ukisimama juu yake utaona mto wenyewe unapita chini ya matao machache tu, mengine yote yamesimama juu ya nyasi kavu. Nikasema huyu aliyejenga hakupima? Kumbe amepima. Thames ikifurika, maji yanatoka yanalala kwenye nyasi zile, na daraja limewekewa matao mpaka huko ili maji yapite yasilipige. Na nyasi zile hazikujengwa nyumba. Zimeachiwa maji. Matao matatu yaliharibiwa na mafuriko ya 1809 yakajengwa upya, na tangu hapo daraja limekaa. Sisi mkondo wa Tudor tunakata mikoko, tunamwaga vifusi, tunajaza udongo tunapandisha ukuta, halafu mvua ya masika ikija tunalia maji yameingia ndani, yataingia wapi na pao tumepaziba!

Na ukingo wa mto ni wa watu. Kuna njia ya miguu ya taifa inayofuata Thames kuanzia inakotokea mpaka London, karibu kilomita 300, ilifunguliwa rasmi 1996, na inapita hapo Wallingford. Unatembea tu. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi, hakuna tiketi. Kando kuna nyumba za matajiri zenye bustani nzuri mpaka majini lakini njia ya umma ikishawekwa imewekwa, tajiri anaishi nayo. Uwanja wa ngome ile iliyobomolewa umekuwa bustani na malisho, ng'ombe wanakula nyasi chini ya kuta na watu wamekaa kwenye viti na mikate yao. Ng'ambo ya daraja upande wa Crowmarsh kuna bwawa la kuogelea la nje, pa watoto kuchezea maji na uwanja wa kupiga mahema. Wapiga makasia wapo asubuhi kwa jioni, hata timu ya chuo kikuu cha Oxford huja kufanyia mazoezi hapo manake mto umenyooka. Vyoo vya umma vipo. Nitavitaja vyoo manake mwanamke wa umri wangu akitoka nyumbani jambo la kwanza analofikiria ni hilo, na viongozi wetu wanaume hawalifikirii kabisa.

Jambo jingine lililonipendeza ni jumba la soko la nafaka la 1856. Biashara ya nafaka ilikwisha pale, jumba likawa halina kazi, na kwingine lingebomolewa wakajenga maghorofa. Kikundi cha wenyeji wapenda maigizo, wanaitwa Sinodun Players, wakalinunua wakalitengeneza wenyewe, 1978 likafunguliwa kama ukumbi wa maigizo na sinema, na mpaka leo linaendeshwa na watu wa kujitolea, anayekukatia tiketi huenda ndiye mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Kikundi hicho kwa miaka mingi rais wake alikuwa Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, alinunua nyumba kando ya mji 1934 na akafia hapo 1976. Wamemwekea sanamu 2023 amekaa kwenye kiti cha bustani, watoto wanakaa ubavuni mwake wanapigwa picha. Na wanasheria wetu wa Mombasa nawaambia William Blackstone mnayemsoma chuoni naye aliishi pale na amezikwa pale, 1780, kwenye kanisa karibu na daraja. Mji mdogo vile lakini watu wake wanawajua na wanakuonyesha.

Sisemi Wallingford ni peponi. Nyumba ni ghali mno, mpwa wangu mwenyewe amepanga kijiji cha mbali kwa sababu mjini hawezi, na treni ya kawaida lazima uende Cholsey. Baridi sitaki hata kuizungumza. Wala sisemi tuwaige Wazungu, manake haya mambo kwetu yapo na tunayajua vizuri kuliko wao. Marikiti ilijengwa 1914, imepita miaka 100, watu wa bara na wa visiwani wote wanaijua, ukiingia harufu ya karafuu na mdalasini inakupokea mlangoni. Bustani ya Mama Ngina pale ukingoni mwa bahari ilipotengenezwa 2019 mwaona wenyewe jioni ya Jumapili, familia zimejaa, mihogo ya kukaanga, madafu, kachiri, watoto wanakimbia chini ya mibuyu, hapo nani atasema mji umekufa? Watu wakipewa ukingo wa maji wanakuja, hawahitaji kuitwa.

Lakini Mama Ngina ni moja, na mji huu ni kisiwa, maji yametuzunguka pande zote. Iko njia ya kushuka baharini tuliyokuwa tukiitumia tangu utotoni, babangu alishukia hapo na nyavu zake, sisi wasichana tulishukia kuokota kombe na kuosha majamvi. Mwenye kiwanja cha jirani ameweka geti la chuma. Nilikwenda na wajukuu wangu wakati wa likizo, akatoka askari kijana, mpole, kumlaumu siwezi, akanambia mama hapa hakupitwi, kazi yangu itakwenda. Nikamuuliza bahari hii nani kaiuza, akainamisha kichwa. Wajukuu wangu wanakaa kisiwani na kuona bahari mpaka tulipe matatu. Kuna njia nyingi kama hiyo, Mji wa Kale, Tudor, Nyali na Bamburi, kila msomaji anaijua ya kwake.

Kwa hiyo Bwana Mhariri, kupitia kwako nawaomba wakubwa wa kaunti mambo yafuatayo, na nawaomba kwa adabu lakini nataka majibu. Marikiti iachwe ilipo, itengenezwe mitaro na paa na vyoo vya wanawake vyenye maji, na wale mama wanaotandaza mboga nje wapewe nafasi zao zilizochorwa chini na risiti ya siku, badala ya kukimbizwa na askari wa kaunti kila asubuhi wakimwaga nyanya za watu barabarani. Soko la Kongowea lina kazi yake ya jumla na liendelee, lakini mtu asije akatwambia kwa vile Kongowea iko basi la mjini halina haja.

Njia za kushuka baharini zihesabiwe zote, ziwekwe kwenye ramani ya kaunti, zibandikwe vibao kwamba ni za umma, na zile zilizofungwa zifunguliwe. Wazee bado wapo wanaozijua moja moja, mimi mwenyewe niko tayari kuzunguka na maafisa tukaonyeshane, ila waje upesi manake wazee wanakwenda, kila mwezi tunazika. Na mikoko iliyobaki iachwe, maji yapate pa kulala.

Na kuna maghala ya zamani kule bandari ya kale, mengine milango imefungwa na paa linaingia jua. Hebu wenye nayo na kaunti na watu wa makumbusho wakae pamoja, moja tu lipewe vijana na wazee wa mji, papigwe taarabu, pasomwe mashairi. Mji wa Muyaka bin Haji leo kijana akitaka kusoma shairi lake mbele ya watu akodi hoteli! Wale wa Wallingford hawakungoja serikali, na naamini hata hapa wakipata jengo watu wa kujitolea watatoka, nimeshawasikia barazani, kuna fundi wa mbao, kuna mwalimu, kuna mwanamke mpiga kinanda mzuri sana ambaye siku hizi hupiga harusini tu.

Mizigo ikirudi alhamdulillahi, mimi wa kwanza kushukuru, lakini kuingojea huku tunauza pwani na kufukuza wauza mboga hapana. Mikutano ya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti huwa inatangazwa kwa kuchelewa na mahali watu hawapajui, naomba gazeti lako likipata tarehe litoe mapema na kwa maandishi makubwa ili wenye vibanda na wavuvi wafike. Na afisa yeyote wa ardhi au wa masoko mwenye majibu ya haya niliyouliza, ajibu kwenye ukurasa huu huu tusome sote.

Wako msomaji wa kila siku,
Bibi Mstaafu wa Bandari,
Kibokoni, Mombasa.